Siku Mbuzi Zilikuya Kuzika Chui

Nyundo njo ilinijulisha kama ugonjwa ilirudia. Docta alikuwa bado hajasema kitu, Adrien mwenyewe alikuwa anasema iko muzima, lakini nyundo haikuwa inasema vile.

Adrien, bwana yangu, ni fundi wa mbabula, ile majiko ya kupikia. Anatengeneza mbabula za makala hapa hapa mu lupangu, kiwanja ya nyumba yetu, mu mutaa wa Katuba, chini ya kipande ya bati yenye alisimamisha juu ya miti ine. Anakata mapipa ya zamani, ananyoosha, anatoboa mashimo, anapindisha. Miye ninapika, ninafua, ninauzisha ku mulango, na masikio yangu inabakiaka ku nyundo siku yote. Zamani alikuwa anapiga mara makumi mbili, makumi tatu, njo anasimama kidogo kutupia bapita-njia neno ya kuchekesha. Ule mwezi wa tano alikuwa anapiga mara saba. Kisha kimya. Mara tano. Kisha kimya murefu, sawa muntu anatafuta kitu chini. Nikitoka kuangalia, anakamata nyundo mbio mbio, anasema, "Mama Gaëlle, bati ya siku hizi iko nguvu."

Bati ilikuwa ile ile. Gaëlle, mutoto yetu wa miaka ine, alikuwa anaikunja na miguu.

Ugonjwa yenyewe iliingia miaka tatu yenye ilipita mbele ya ule mwezi wa tano. Leusemi, kansa ya damu, ile ya kutembea polepole. Docta Simone, munganga wa lopitalo moja ya mu ville, katikati ya muji, alitueleza vile: mu damu ya Adrien askari beupe balizaana kupita kipimo, bakajaa, kazi habana, banakula tu fasi ya bengine. Alimupa kinini, moja kila asubui. Kinini zinatoka mbali, kuna mupango moja unazileta bila sisi kulipa. Kazi yetu ilikuwa kumeza. Docta alikamata mukono, si ya Adrien, ni yangu, akasema, "Mama, hii dawa haina siku ya mwisho. Damu ikikuwa muzuri, anameza. Akinenepa, anameza. Unasikia?"

Nilisikia. Na damu ikakuwa muzuri, Adrien akanenepa mpaka shingo, na pale njo tulikosea.

Sisi ni bakatoliki, na Adrien anasali mu kundi ya maombi ya parokia. Mwaka jana, siku ya kushukuru, alisimama mbele na shati nyeupe akatoa ushuhuda. Alisema Mungu alitosha kansa, aliiondoa mu damu yake yote. Bantu balipiga mikono. Mama mukwe yangu, mwenye alitoka Mokambo kwa ile siku, alilia mpaka kitambaa ya kichwa ikaanguka. Miye pia nilipiga vigelegele, sitabeepa, sitasema uongo. Hakuna muntu alimuambia aache dawa. Padri mwenyewe alisema tushukuru na baganga. Lakini muntu mwenye alisema mbele ya kanisa nzima kama alipona, atameza kinini namna gani asubui, mbele ya bapita-njia? Adrien alianza kumeza kwa kujificha. Kisha alijificha mpaka na miye. Kila asubui nilikuwa nasikia chupa inafunguliwa, inafungwa, na miye mwenye ninaangaliaka kila kitu, nikazania anameza.

Ile mwezi wa tano akaanza kukula bukari, ugali yetu, matonge mbili tu na kusukuma sahani. Akawa halalake tena upande ya kushoto. Shuka niliyotandika kavu, asubui ninaikamua sawa nguo ya kufua. Siku moja Adrien iko kazini, nilifungua sanduku yake. Chupa tatu, zimejaa. Nilizipanga ku meza pembeni ya bukari yake, nikakaa, nikaanza kukula yangu.

Aliziangalia murefu. Kisha alisema, "Kesho twende kwa docta."

Docta Simone hakugombeza. Alipima bandama na vidole, ile kitu ya upande ya kushoto yenye haipashwe kuonekana. Ilishuka vidole sita chini ya mbavu. Aliangalia karatasi ya damu. "Ilirudia," akasema. "Dawa ya zamani haitaweza sasa. Kuna ingine, ya nguvu zaidi. Tunaanza Jumatatu yenye inakuya, na posho ine za kwanza, juma ine nzima, munakuya kutosha damu ya kupima kila Jumatatu na kila Alhamisi. Si ya kungojea, papa. Hii ya polepole, ukiiachilia, inageuka ya mbio. Ile ya mbio, hapa sina kitu ya kuifanya."

"Ndiyo, docta," Adrien alisema, na heshima yote.

Tulipofika ku nyumba alivua viatu, akakaa, akasema, "Siendi."

"Namna gani, Papa Gaëlle?"

"Nitaenda kisha Asomsio, sikukuu ya Bikira kupalizwa mbinguni. Mwezi wa nane. Kundi ya maombi inatayarisha siku ya bagonjwa, banataka nisimame tena mbele. Nitasimama na mashimo ya sindano ku mukono?"

"Docta alisema Jumatatu."

"Docta haishi Katuba. Bantu watasema nilibeepa mu kanisa. Ao watasema Mungu alishindwa. Yote mbili ni mubaya, chagua." Akainama kidogo kupumua. "Usiambie muntu. Mama Gaëlle, unasikia? Usiambie muntu hata moja."

Bwana yangu ukimusukuma anakaza miguu. Nilijua vile tangu mwaka wa kwanza ya ndoa. Njo sikumusukuma. Ilikuwa Alhamisi. Nilikamata shuka nikaenda kufua, na wakati ninafua nilikuwa natafuta: katika bantu yote ya hii dunia, ni nani mwenye Adrien hawezi kumukaziya miguu?

Pale nieleze kitu moja. Wazazi yangu ni ba Kasai, jina yangu ni Chance Ntumba, na kwetu sikukomeaka na bunungwe, ule utani wa ukoo na ukoo. Ku bo Adrien, bantu ya upande ya Mokambo na Sakania, ukoo inapita kwa mama, na kila ukoo iko na ukoo ingine ya kutukanana nayo. Adrien ni muntu wa bena Ngo, maana yake chui. Mbuzi ni bena Mbushi. Banasema juu chui alikula mbuzi tangu zamani za zamani, mbuzi njo alipata haki ya kumutukana mpaka mwisho ya dunia. Munungwe wako anaweza kutosha nyama mu sahani yako, kuvaa kofia yako, kukuita maiti mbele ya bakwe bako. Weye haukasirike. Ukikasirika unalipa kuku, na banakucheka mwaka muzima. Na siku unakufa kweli, ni yeye munungwe anakuogesha, anakuzika, na anachekesha bantu mu kilio.

Munungwe mukubwa wa Adrien ni Mama Katongo, mwenye anauzisha chikanda ku soko, ile ya mizizi ya porini na karanga yenye banakata sawa mukate. Siku ya ndoa yangu alikaa ku kiti yangu ya bibi-arusi, akakatala kutoka, akasema mbele ya bantu mia mbili kama ule chui haina meno, nirudie kwetu mbele ya jua kushuka. Nililia. Hakukuwa muntu alinieleza bunungwe. Yeye alinipanguza machozi na nguo yangu mwenyewe ya ndoa, akaniambia, "Zoea, mutoto. Tutakuwa pamoja murefu."

Siku ya Posho, maana yake Jumamosi, nilienda ku meza yake.

"Mama Chui," alisema mbele nimusalimie. "Ile mifupa yenye ilikuoa inaendelea namna gani? Haijaoza?"

Siku zingine ninacheka. Ile siku nilisema, "Inaoza, mama."

Kisu ikasimama mu chikanda.

Nilimuambia yote, ugonjwa, chupa tatu, Jumatatu, Asomsio. Katikati muteja moja alifika, Mama Katongo akamukatia vipande mbili, akamufungia, akamushukuru, akarudisha sikio yake kwangu sawa vile hakuna kitu. Nilipomaliza alibakia anapanguza kisu ku kitambaa, upande moja, upande ingine.

"Alikukataza kusema?"

"Eyo, mama. Alisema nisiambie muntu."

"Muntu." Alifikiri. "Sasa ku bo chui, miye niko muntu? Miye niko nyama. Haukuambia muntu, Chance. Uliambia mboga yake." Akaweka kisu chini. "Jumatatu docta anabangojea saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Usimuguse na neno. Asubui umupe tu maji ya moto aoge muzuri."

"Kuoga juu ya nini?"

"Maiti inaogaka," alisema, na akaita muteja mwingine.

Niliona ni matukano ya kawaida. Nilirudi nikifikiri atakuya peke yake, atamutukana kidogo ku mulango, Adrien atacheka, tutaenda. Ile njo nilikuwa ninatazamia.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu, Adrien iko mu kuoga, nikasikia kilio ku avenue, barabara ya mbele ya nyumba. Kilio ya kweli kweli, bamama banalia kwa sauti ya kupanda na kushuka. Nikasema, ah, nani kwa jirani amekufa. Nikafunga kitenge ingine ku kiuno ili niende kusaidia. Niko ninatafuta viatu, kilio ikageuka ku mulango yetu, ikaingia.

Alikuwa Mama Katongo mbele, uso yote majivu, kitambaa amefunga vibaya sawa mujane. Nyuma bamama mbili ya ukoo yake, majivu vilevile. Nyuma yabo Aimé, mutoto yake wa kwanza, muntu muzima na ndevu, anakokota pusipusi, ile ya magurudumu mbili yenye banabebeaka mizigo ku soko. Juu ya pusipusi balitandika mukeka.

"Chui yetu ee," Mama Katongo alilia, na akajitupa chini katikati ya lupangu, mu vumbi na vipande ya bati. "Chui yetu. Nani atakula kuku za bengine sasa? Alikufa na kinini mu sanduku."

Kwetu Kasai, ukimulilia muntu mwenye iko anapumua, banakuita mulozi, muchawi. Nilitaka kuingia mu nyumba nifunge mulango na kufuli, nikae ndani mpaka Noeli. Juu ya ukuta vichwa vya majirani vilishaanza kupanda, moja, mbili, sita. Ku mulango alisimama Papa Constantin, mukubwa wa kundi ya maombi, mwenye anakaa lupangu ya tatu kutoka yetu. Alikuya na mswaki mu kinywa.

Bale bamama mbili hawakupoteza saa. Moja alikamata nyundo ya Adrien, akasema hii ni yake, ataipigia karanga. Mwingine alichagua radio. Aimé aliingia mu nyumba bila kulomba, akatoka na viatu vya Jumapili ya Adrien, akakaa juu ya pipa ili ajipime. Adrien anavaaka makumi tatu na tisa. Aimé, muntu asiulize.

Adrien akatoka. Singleti, taulo ku shingo, sabuni bado ku sikio moja. Akasimama.

"Ni nini hii?"

"Maiti inasema," alisema ule wa radio. "Ni kawaida, siku ya kwanza."

Mama Katongo alikaa mu vumbi, akaeneza miguu, akasema kwa majirani sawa muntu anasoma tangazo: "Munauliza alikufa na nini? Ile damu ilirudia. Mungu alimuponya, akamupatia na kinini ya kuchunga ile kupona. Chui akaona haya ya kinini. Mbuzi yote ya Mokambo, tangu zamani, hatukuwahi kuona chui ya kufa na haya. Tunakuya kumuzika mbio mbele aone haya zaidi."

Neno ilitoka, na haikuweza tena kurudia mu kinywa. Niliangalia mikono ya Adrien. Alikuwa anafunga na kufungua vidole. Aliangalia ku ukuta, vichwa yote. Aliangalia ku mulango, Papa Constantin na mswaki yake. Kisha akaniangalia miye, na niliona kama anajua wapi neno ilipitia.

Sikuinamisha macho.

Pale njo Aimé, mwenye alikuwa bado anasukuma muguu mu kiatu na nguvu yote, akaanguka nyuma ya pipa, na kiatu ikabakia nusu ku vidole.

"Mama Katongo," Adrien alisema. "Maiti iko na ulizo moja."

"Maiti haiulizake."

"Moja tu. Aimé atazikwa na ile kiatu, ao ataivua?"

Kicheko ilianzia ku ukuta, kwa mama moja mwenye anachekaka sawa kuku ya kutaga, ikazunguka lupangu yote. Adrien mwenyewe alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka akikamata ubavu ya kushoto juu ilikuwa inamuuma, na kadiri ilimuuma alizidi kucheka. Gaëlle akatoka mu nyumba akicheka na yeye, bila kujua nini.

Adrien alijipanguza uso. Akatembea mpaka ku pusipusi, akapanda, akakaa ku mukeka na taulo yake. "Kama nilikufa," alisema, "sitembei na miguu. Mama Gaëlle, niletee shati."

Tulitoka vile. Aimé anakokota, bamama banaimba nyimbo za kilio na kubadilisha maneno, miye nyuma na kapu ya maji na mukate, Gaëlle tulimuachia jirani. Bantu ku avenue bakiuliza nani alikufa, Adrien ananyanyua mukono sawa bishopu, anasema, "Ni miye. Asante kwa kunililia." Ku kipando, fasi njia inapanda mulima, mbele ya kufika ku barabara ya goudron, ile ya lami, pusipusi ikakuwa nzito. Nikasikia muntu anasukuma pembeni yangu. Papa Constantin. Alikuwa na pantufle, viatu ya ndani ya nyumba, na mswaki ametia mu mufuko ya shati.

"Adrien," alisema akihema. "Miye niko na presha. Kinini moja asubui, moja mangaribi, miaka kumi na moja sasa."

Adrien aligeuka. "Papa, si weye ulitoa ushuhuda juu ya presha?"

"Mara mbili," Papa Constantin alisema. "Sukuma, Aimé, tutaanguka."

Ku goudron tulipata taksi. Docta Simone alipotuona mu kuluari ya lopitalo, Adrien katikati na bamama tatu ya majivu, alivua miwani. "Nani alikufa?"

"Bado, docta," Mama Katongo alisema. "Tunangojea weye utuambie."

Docta alitosha damu ya kupima, akatupatia dawa mupya, akaeleza. Mama Katongo alilomba maji, akasimama mbele ya Adrien mpaka kinini ikashuka. "Fungua kinywa. Nyanyua ulimi. Meno ya chui zinafichaka bintu." Bagonjwa bengine balicheka mpaka infirmière, muuguzi wa zamu, akakuya kuangalia.

Kisha bale bamama balienda kunawa majivu, na miye na Adrien tukabakia peke yetu ku banki.

"Ni weye ulimuambia," alisema.

"Ni miye."

"Yeye siwezi kumukasirikia. Ni munungwe. Lakini weye, Mama Gaëlle, haiko munungwe yangu. Weye ninaweza kukukasirikia."

"Basi kasirika," nilisema. "Lakini Alhamisi tunarudia hapa."

Alikasirika kweli, siku mbili nzima. Alikuwa ananijibu na neno moja moja. Lakini Alhamisi asubui nilimukuta ku mulango na shati ya kupiga pasi, ananingojea, anasema ninachelewesha.

Nisiseme ilikuwa nyepesi. Dawa ilimutapisha, ikamukaza misuli ya miguu, ngozi ikawasha. Kazi yangu ilikuwa ndoo, maji ya moto, uji kidogo kidogo, kufua shuka, kumukanda miguu mpaka alale. Nilijifunza kuangalia macho yake ndani ya kope ya chini, kama iko nyekundu ao nyeupe, na kuangalia ufizi kama kuna damu. Vitu vile hawafundishe ku masomo. Lakini asubui haikuwa na huzuni, juu mbuzi zilijipanga zamu. Kila siku moja anafika mbele ya chai, anamuangalia anameza, kisha anakula mukate yake. Hiyo njo ilikuwa sheria ya Mama Katongo: ukimeza, ninakula mukate yako, usipomeza, ninabeba nyundo. Adrien alipoteza mikate mingi. Miye nilikuwa ninamufichia kipande chini ya sufuria, na nilijua Mama Katongo anajua.

Posho ya tatu nilimuona damu ku ufizi. Sikungojea Alhamisi. Docta Simone alipima, akasema damu imekonda sana, dawa imepiga askari babaya na bazuri pamoja. Akasimamisha dawa, akamulalisha. Siku nane. Nililala ku mukeka chini ya kitanda yake. Siku ya tatu alipewa damu ya muntu mwingine, mufuko mbili, na aliniuliza kwa sauti kidogo, "Kama hii ni ya mbuzi?" Njo nilijua atabakia muzima.

Mbuzi zenyewe zilikuya saa ya kutembelea bagonjwa, zikaanza kugombana pembeni ya kitanda nani atarithi godoro ya lopitalo. Infirmier moja, Précieux, kijana wa kujiheshimu sana, akakuya kubanyamazisha. Mama Katongo akamuuliza mama yake ni muntu wa wapi. Akajibu Sakania. Akamuuliza ukoo. Précieux akafikiri, akasema polepole, "Bena Ngo." Masikini. Kuanzia ile siku alikuwa anapita mu ile chumba akikimbia, na bamama banamuuliza kwa nini maiti ya pili inavaa blouse nyeupe. Papa moja mwenye alikuwa na sonde, ule mupira, ku pua alicheka mpaka alilomba babaache, apumue.

Docta alianzisha dawa tena, kipimo kidogo, kisha akapandisha. Mwezi wa saba Adrien alikula matonge ine. Mwezi wa nane, siku ya Asomsio, alikaa ku banki ya nyuma, na hawakumuita mbele. Papa Constantin alipita akamugusa bega tu. Niliona kitu: Katuba yote ilikuwa inajua, mbuzi zilishasema, miye nilishasema, lakini Adrien mwenyewe alikuwa bado hajatosha ile neno na kinywa yake. Muntu akimuuliza habari, anasema, "Tunaendelea," anabadilisha. Muntu mupya, asiyejua, alikuwa anamuambia ni malaria. Sikumusukuma. Lakini niliogopa. Muntu mwenye bado anaita leusemi malaria, siku mbuzi zitachoka kukuya, atameza kwa ajili ya nani?

Mwezi wa kumi, mu joto ile ya mbele ya mvua, docta alitupatia karatasi ya damu. Miye nilisoma mpaka mwaka wa sita ya primaire, lakini namba ninajua. Hesabu ya askari beupe ya mwezi wa tano ilikuwa elfu mia mbili na kumi. Hii ilikuwa elfu saba na mia ine. Niliisoma mara tatu, nikaweka kidole juu yake sawa inaweza kukimbia. Docta alipima ubavu, vidole vikatafuta bandama, havikuipata.

"Papa, sikia muzuri," alisema. "Hii si kusema ilikwisha. Iliinama, na dawa njo inaibonyeza chini. Ukiondoa mukono, inasimama. Tuko pamoja?"

"Tuko pamoja, docta."

Miye nilicheka ovyo, peke yangu, mpaka docta naye akacheka. Adrien alinikamata mukono mbele yake, kitu yenye hafanyake mbele ya bantu, na tukatoka vile mpaka ku mulango ya lopitalo.

Ku mulango tukakutana na Mama Albertine wa kwaya. Alihamia Kasungami tangu Pasaka, analima kule, anakuya parokia mara moja moja. Habari ya mbuzi hakuisikia. Ni mama muzuri, lakini neno ikiingia ku sikio yake asubui, mangaribi imefika muji wa Likasi.

"Ee, papa na mama Gaëlle," alisema. "Munatoka kuangalia nani mu lopitalo?"

Nilisikia mukono ya Adrien mu yangu inakaza. Njia ya kupita ilikuwa pale, wazi: jirani, muntu wa familia, malaria. Niliangalia mbele. Sikumusaidia.

"Hapana kuangalia muntu," Adrien alisema. "Mugonjwa ni miye. Ile leusemi ilirudia, mama. Niliacha dawa, ikarudia. Sasa ninameza kila siku, na nitameza siku zote, mpaka docta aseme."

Mama Albertine alimuangalia kichwa mpaka miguu. Nilihesabu pumzi yangu, moja, mbili.

"Pole, papa," alisema. "Mungu akuchunge na hiyo dawa yako." Akahamisha kapu ku mukono ingine. "Na mbabula yangu ya mafasi ya sufuria mbili? Uliniambia nitaipata kisha Pasaka. Ninapika ku mawe mpaka leo sawa niko mu kambi ya bakimbizi."

Adrien akaanza kucheka, akaegemea ukuta ya lopitalo, akacheka na mwili yote, na hakukamata ubavu. Miezi yote ile alikuwa anaogopa, kumbe ilikuwa hii tu.

"Ijumaa," alisema alipoweza. "Mama, Ijumaa."

"Ijumaa gani?"

"Hii hii. Asubui, nikimaliza kumeza."

"Basi meza mapema," Mama Albertine alisema. "Miye saa moja niko ku mulango."